Joho la Jumatatu ya Pentekoste

Mimi ni fundi wa nguo. Mtaa wote wa Kamalondo unanijua, na ng'ambo ya reli pia wananijua. Mashini kumi na moja zinalia dukani kwangu tangu asubuhi, na hakuna hata moja niliyorithi. Baba yangu alipigilia misumari ya reli kutoka kaskazini mpaka kufika mji huu, akafa akiwa na mashati mawili. Shule nilisoma miaka mitatu kwa mapadre, kisha nikaona kalamu hainipendi, nami nikaacha kuibembeleza. Lakini mwambie mtu asimame pale mlangoni, nimtazame mara moja tu tangu bega hadi kifundo cha mguu, nami nitamkatia suti bila kumgusa kwa utepe. Nimewavika wakubwa. Nimewavika maharusi ambao leo ni bibi za watu. Nasema haya kwanza, ili usidhani anayekuandikia ni mtu aliyeshindwa na maisha.

Katika nguo zote hizo kuna moja tu ambayo sipendi kuikumbuka, na ndiyo hii ninayotaka kuisema.

Ilikuwa miaka ile Katanga ilipojitenga na Kongo ikajiita nchi, na bendera yake yenye misalaba. Mji wetu ulikuwa bado unaitwa kwa jina la malkia wa Wabelgiji. Mimi nilikuwa kijana, nina mashini moja ya kukanyaga kwa miguu, nayo ilikaa kwenye baraza la nyumba niliyopanga. Kila Jumamosi baada ya saa sita rafiki zangu wawili walikuja kukaa hapo. Mmoja alikuwa dereva wa lori la samaki, aliyekwenda Kilwa, ile ya ziwani si ya pwani, na kurudi, na ambaye hata akioga mara tatu ulijua kazi yake kabla hajafungua mdomo. Wa pili alikuwa karani katika ofisi moja ya mjini. Huyo asili yake ni jimbo la Kasai. Wazazi wake walikuja zamani kufuata kazi, naye alizaliwa hapahapa Kamalondo, akasoma, akajua Kifaransa cha kuandika na cha kusema. Alikuwa na kalamu mbili mfukoni, moja ya buluu na moja nyekundu, na suruali aliipiga pasi hata ya kwendea chooni.

Watu wa kwetu kaskazini na watu wa kwao Kasai tuna utani wa tangu mababu. Mimi niliweza kumwita mtumwa wangu, naye akaniita mla panya, na hakuna aliyekasirika. Lakini utani ule una sheria. Ukimtania mtani wako mbele ya watu wa nje, wasioujua mchezo, ukimaliza lazima umshike mkono na kusema kwa sauti: "Huyu ni wangu." Hapo watu wanajua ni mchezo. Usiposema, maneno yanabaki njiani, na yeyote anaweza kuyaokota.

Jumamosi ya kabla ya Pentekoste tulizungumza habari za sikukuu, kwa sababu Jumatatu ilikuwa konji, yaani mapumziko, na siku zikawa tatu mfululizo. Maneno nayaandika kama tulivyoyasema mjini kwetu, ambako njo ni ndiyo, bantu ni watu, na ju ya ni kwa ajili ya.

"Siku tatu!" dereva akasema. "Banaye, tupande lori twende Kilwa. Mutaona maji mpaka macho ichoke. Samaki unaivuta asubuhi, saa sita iko mu chungu."

"Na njia?" karani akauliza. "Ile njia yako njo inavunja bantu migongo. Tutafika Jumatatu, tutageuka palepale, Jumanne batatufukuza kazi. Miye konji yangu ni kiti, kitabu, na bibi asiniite."

"Bibi asikuite? Uko naota, muzee."

"Basi aniite kidogo."

Nikawaambia mimi sijui konji. Watu wanapopumzika ndipo fundi anapotoka jasho, kwa kuwa kila mtu anataka kuingia kanisani na nguo mpya. Ilikuwa kweli. Lakini niliisema pia ili wasikie jinsi ninavyotafutwa.

"Tumesikia, patron, tajiri wa mashini moja," karani akasema. Dereva akacheka mpaka akajipiga paja.

Kesho yake baada ya misa, padre akatangaza kwamba alasiri kutakuwa na sinema katika ukumbi wa parokia. Si ile ya ng'ombe na bastola tuliyoizoea. Ni ya yule Mwingereza wa kale, mtungaji wa michezo ya wafalme, ambaye wazungu wanamtaja kama sisi tunavyowataja mababu. Tukaenda watatu. Madirisha yalifunikwa mablanketi meusi, joto likawa la tanuri, na watoto wakarundikwa mbele chini ya turubai jeupe la kuonyeshea picha.

Filamu ilisema Kiingereza, na chini yake yalipita maandishi ya Kifaransa, mbio kama panya. Nusu ya ukumbi hawakujua kusoma, na mimi nilikuwa mmojawapo wa wale waliojua kidogo wakajifanya wanajua sana. Basi karani akaanza kunieleza polepole kwa Kiswahili. Mama mmoja nyuma yetu akamnyamazisha. Baada ya dakika chache mama yuleyule akamgusa bega: "Baba, pandisha sauti kidogo." Mwishowe padre mwenyewe akamwita mbele, akasimama kando ya turubai, na ukumbi mzima ukamsikiliza yeye.

Alitusimulia habari za mkuu wa jeshi aliyempokea mfalme wake nyumbani, akampa chakula na kitanda, kisha akamuua akiwa mgeni wake, akavaa taji. Karani hakusoma tu. Mfalme alipozungumza, sauti yake ilishuka kifuani. Mke wa yule mkuu alipomchochea mumewe, karani alisema kwa sauti nyembamba ya ugomvi wa jikoni, na akina mama wakapiga kelele: "Eeh, iko mubaya huyu!" Hata watoto walinyamaza. Sijawahi kuona ukumbi ule umekaa kimya hivyo, hata kwa mahubiri.

Na mimi? Mimi niliangalia majoho. Nasema kweli, hadithi iliingia sikio moja ikatoka lingine. Niliangalia jinsi kola ilivyosimama bila mfupa, jinsi bega lilivyojazwa, na ule mshono wa mgongoni unaofanya kitambaa kimfuate mtu kama maji. Nilisema moyoni: hili nalikata. Lakini kulikuwa na jambo jingine pia moyoni. Tulipotoka, watu walimzunguka yeye, wakimpa mkono. Mimi nilisukumwa pembeni. Nilikuwa nimezoea kuwa mimi ndiye ninayesifiwa barabarani, na siku ile nilionekana kama mtu aliyemsindikiza mwingine. Iliniuma. Sitaki kusema iliniuma kidogo.

Jumatatu asubuhi, kabla jua halijawa kali, nilichukua pazia jekundu la zamani nililoachiwa na mteja, nikakata joho. Saa mbili na nusu, limekwisha. Lilikuwa joho kweli, si mchezo. Ungeliweka kwenye ile filamu, hakuna ambaye angeligundua. Rafiki zangu walipofika walilishika wakaguna.

"Fundi, weye uko muchawi," dereva akasema.

Tukaanza kubishana juu ya filamu. Dereva alishikilia kwamba kosa lote ni la mwanamke. "Ule bwana alikuwa anataka kulala. Bibi njo alimuamusha."

"Bibi alisema tu," karani akajibu. "Kisu ilikuwa mu mukono ya nani?"

"Angenyamaza, kisu ingekata nyama ya Pentekoste."

Nami nikajitia katikati, nikasema ile filamu inafundisha kwamba usimlaze mgeni nyumbani, kwa sababu mgeni ndiye anayemuua mfalme.

Karani akaniangalia, akacheka taratibu. "Mutani, hukuangalia muzuri. Mugeni njo alikufa. Mwenye kuua alikuwa mwenye nyumba."

Dereva akanizomea. Watu wawili waliokuwa wakipita wakasimama, nao wakacheka. Nilijua amesema kweli, maana hata mimi nilikuwa nimeona mfalme amelala. Lakini kukosolewa mbele ya watu, kwenye baraza langu, na mtu niliyekuwa nimemshonea nguo! Nikachukua lile joho nikamvika. Dereva akakata taji katika kopo la maziwa. Karani alikubali, alikuwa anacheka, alidhani ni utani wetu wa siku zote. Ulikuwa utani. Nikamshika bega nikamtoa barabarani, mpaka pale pembeni penye baa, ambapo watu wa sikukuu walikuwa wamejaa tangu asubuhi.

"Tazameni!" nikapiga kelele. "Mufalme mupya ametoka Kasai! Amekuja kulala kwetu kama mugeni! Anataka kiti chetu, fungeni milango!"

Watu walicheka mpaka bia zikamwagika. Karani akanyoosha mkono kama mfalme, akatoa amri kwa Kifaransa kikubwa, na kicheko kikaongezeka. Kando ya mlango kulikuwa na vijana watatu wa chama kilichokuwa kikitawala, wenye beji kifuani. Wao walicheka pia, lakini waliacha kucheka mapema.

Hapo ndipo ilipaswa nimshike mkono niseme, huyu ni wangu. Neno lilikuwa mdomoni. Sikulisema, kwa sababu kicheko kilikuwa kitamu na nilitaka kiendelee, na kwa sababu kicheko kile kilinirudisha mahali pangu. Lazima niseme na lingine. Watu wa kwetu kaskazini walikuwa wakipigana na serikali ile ya Katanga. Hapa mjini mtu wa kaskazini alitazamwa pembeni, mimi nikiwemo. Siku ile, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, watu wa pale baani hawakuniangalia mimi. Walimwangalia yeye.

Jina likamshika. Wakamwita Mfalme. Watoto walimsalimia hivyo alipotoka kazini, naye aliwaitikia kwa kuvua kofia asiyokuwa nayo. Baada ya wiki kadhaa wakaanza kumwita hivyo watu ambao hawakuwa wanacheka. Mji ulikuwa unabadilika. Watu wa Kasai waliambiwa warudi kwao, hata waliozaliwa hapa, ambao kwao ni hapa. Nyumba ziliwekewa alama za chokaa. Karani aliendelea kuja Jumamosi, lakini alikaa ndani ya mlango, si barazani tena.

"Mutani," aliniambia siku moja, "ile jina, ukipata nafasi, uwaambie ilikuwa muchezo. Weye bantu banakusikia."

"Nitawaambia," nikasema. "Usijali kabisa."

Nilifurahi alivyosema watu wananisikia. Lakini sikumwambia mtu.

Siku moja ya kazi, saa nne asubuhi, wakaja wale vijana wa beji. Walikuwa wanne sasa. Mkubwa wao alishika mashini yangu, akazungusha gurudumu lake kwa kidole, polepole. Aliuliza kwa adabu kama mteja.

"Fundi, ile joho ya mufalme, weye njo ulishona?"

"Miye."

"Nani alikuambia ushone?"

Niliangalia kidole chake kwenye gurudumu. Mkanda wa mashini ulikuwa mpya. Niliwaza kwamba wakiivunja, nitarudi kubeba mizigo sokoni. Niliwaza kwamba wanajua nimetoka wapi. Haya yote ni kweli, lakini niliyawaza baadaye, nilipokuwa natafuta sababu. Wakati ule jibu lilitoka lenyewe, laini, kama nilikuwa nimelikata zamani na kulitundika tayari.

"Miye ni fundi tu," nikasema. "Muntu akileta kitambaa, nashona. Fundi haulizi."

"Kwa hiyo yeye njo aliagiza."

Sikusema ndiyo. Niliinua mabega. Nimejipa moyo kwa mabega yale miaka mingi, kwamba sikusema ndiyo. Lakini fundi anajua bega linasema nini. Ndiyo kazi yangu.

Mkubwa wao akatikisa kichwa, akaniambia nimefanya vizuri. Kisha akatoa kitambaa cha kaki kwenye mfuko, akataka nimkatie shati, na kama litamkaa vizuri wenzake wote wataleta. Nikampima palepale. Nikachora kwa chaki, nikakata.

Kesho yake walikwenda kwa karani. Mimi sikuwepo, nilisikia kwa dereva, aliyepita na lori akakuta vitu barabarani. Waling'oa mlango. Walitoa vitanda, viti, vitabu vyote. Walimwambia: "Mufalme, kwenda kutawala kwenu. Fundi mwenyewe amesema uliagiza joho." Ofisini wakamwambia asirudi. Akaondoka kwa miguu na mkewe na watoto watatu, akapita barabara ya nyuma, ambayo haipiti kwangu, mpaka kwenye kambi ya wakimbizi pembeni ya mji, iliyolindwa na askari wa kigeni wa kulinda amani, wale wa kofia za buluu. Maelfu walikuwa wameshakusanyika huko.

Yule mkubwa wa vijana wa chama alilipenda lile shati. Wenzake walileta, na rafiki za wenzake. Mashini yangu ya pili ilitokana na mashati yale. Watu wakiniuliza nilianzaje, husema: kwa mikono yangu miwili. Ndivyo ninavyosema hata kwa watoto wangu.

Dereva ndiye aliyenisukuma niende. Alikuja Jumapili, hakukaa. "Nakwenda kumuona. Unakuya ao hapana?" Alikuwa na mfuko wa dagaa wa Kilwa. Mimi nikachukua unga, nusu gunia, na shati jeupe nililolishona haraka ili nisiende mikono mitupu.

Kambi ile sijui niielezeje. Miti yote ilikuwa imekatwa. Vibanda vilijengwa kwa matawi, makaratasi ya saruji, mabati ya kopo yaliyonyooshwa, kila mtu na alichookota. Moshi ulikuwa chini chini, macho yanawasha. Tulimkuta karani ameketi juu ya tofali, anaandikia watu barua, kundi zima linamngojea. Kalamu zake zilikuwa mfukoni, zote mbili. Suruali ilikuwa na mkunjo. Sijui aliunyoosha na nini.

Alisimama akanikumbatia. Mimi, si dereva, mimi ndiye niliyekumbatiwa kwanza.

"Mutani! Mula panya! Umefika kwa mufalme!"

Watu wakacheka kidogo. Akaniketisha kwenye tofali lake. Tukazungumza maneno ya watu wanaokwepa maneno: maji yanatoka wapi, mtoto gani anakohoa, treni za kwenda Kasai zitaanza lini. Kisha akasema, akiniangalia usoni:

"Unajua banasema nini? Banasema weye njo ulisema niliagiza ile joho. Miye nikaambia bibi: hapana. Fundi hawezi. Hawa bantu banamutia maneno mu kinywa ju ya kutugombanisha. Njo vile, te?"

Dereva aliacha kufungua mfuko wa samaki. Mke wa karani alikuwa amepiga magoti karibu na moto, anasonga bukari, ugali wetu, na mwiko ukasimama.

Nilikuwa na nafasi. Hakuna aliyekuwa na beji pale. Hakuna mashini ya kuvunjwa. Mtu mmoja tu, aliyenifungulia mlango mwenyewe, nipite nikitaka kwa ukweli au kwa uongo.

"Njo vile," nikasema. "Banatia bantu maneno."

"Nilijua," akasema. Akanipigapiga gotini kwa mkono. Akajaribu lile shati jeupe juu ya lile alilovaa. Lilimkaa sawasawa, na akasifu mkono wangu mbele ya watu wote waliokuwa wakingoja barua, akawaambia hakuna fundi kama huyu kutoka hapa mpaka ziwani.

Tulikula. Sikumbuki ladha. Tulipoondoka, dereva alitangulia, na mke wa karani akanisindikiza mpaka mwisho wa vibanda, kama desturi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, aliyezoea kutuletea maji na kurudi ndani. Aliponipa mkono hakuuachilia.

"Shemeji," akasema, "yeye anajua. Kijana mwenye alikusikia alikuya kutuambia mwenyewe, akiapa. Yeye anajua tangu siku ya kwanza."

Sikuweza kumwangalia.

"Nilimuuliza bwana yangu, ju ya nini utamuuliza fundi vile, kama unajua? Akasema, kama nikimuambia najua, hatarudi tena Jumapili ingine. Watoto bako na njaa, na miye sina mwingine wa kucheka naye." Akaachilia mkono wangu. "Basi, shemeji, urudi. Ni ile tu. Urudi."

Nikamwambia nitarudi. Dereva alinipitia Jumapili iliyofuata, akapiga honi mara mbili, nikatoka na kumwambia nina mashati ya watu. Jumapili nyingine akapiga honi mara moja. Baadaye akawa anapita bila kupiga, nami nikiusikia mlio wa lori tangu mbali nilikanyaga mashini kwa nguvu zaidi. Alikwenda peke yake, kila wiki aliyokuwa mjini, mpaka treni zilipokuja kuwachukua. Aliniambia siku ya treni ya karani na saa yake. Siku hiyo nilifungua duka asubuhi kama kawaida, nikakata suruali sita, na ninakumbuka kwamba hakuna hata moja iliyohitaji kurekebishwa.